Kichwa Kilichosukwa Nusu

Tarehe 4 Februari

Mama Mdogo,

Shikamoo. Barua yako nimeipata kwa mkono wa dereva wa lori, imejikunja na inanuka dizeli, lakini maneno yote nimeyasoma. Kama huko kambini simu bado hazishiki, basi tutaendelea kuandikiana hivi hivi mpaka daraja lenu liishe.

Huku tupo. Mama anakusalimu sana mdogo wake. Goti lake la kulia limepona, sasa la kushoto ndilo limeanza, naye anasema ni wivu tu, limeona mwenzake anavyokandwa kila siku. Mimi mzima. Paka wako bado hanipendi.

Saluni iko sawa. Wateja wamepungua kidogo kwa sababu ya mvua, usijali. Kile kiti ulichokuwa unakilalamikia nimekikaza skrubu, hakiyumbi tena. Mama Vifungo bado anakaa ng'ambo ya barabara, kwenye baraza la mumewe fundi cherehani, anashona vifungo huku akiangalia nani kapita na nani.

Sasa habari yenyewe. Kocha anagombea udiwani. Yule yule aliyewafundisha vijana wa mtaa mpira mpaka wakaacha kukaa vijiweni. Mama Mdogo, ungemsikia anavyoongea, ungeacha masufuria yako huko ukaja kwa miguu. Anataka kupanua uwanja, ujengewe uzio na taa, vijana wapate pa kwenda. Na anayeshindana naye ni nani? Sista, yule yule mkunga mstaafu, diwani tangu mimi nasoma shule ya msingi. Taa za barabarani zimekufa, mtaro umeziba, na yeye kila mkutano anauliza watoto wetu hawajambo.

Mimi nimechaguliwa mwenyekiti wa vijana wa Kocha hapa mtaani. Sikuomba. Wengine wote walikuwa wanaogopa kipaza sauti, mimi nikakishika, ikawa ndiyo uchaguzi wenyewe. Picha ya Kocha nimeibandika kwenye kioo kikubwa cha saluni, katikati. Imependeza. Mteja akitaka kujiona anasogea tu kidogo kushoto au kulia.

Wewe ungekuwepo ungempa nani?

Mwanao,
Kasuku


Tarehe 26 Februari

Mwanangu Kasuku,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, kulikuwa na shughuli. Na mwandiko usikushangaze, naandikia juu ya gunia la mchele. Huku ni tope na chuma. Mainjinia na vibarua wanakula sawasawa, wanakula kama wanashindana, na wote wanasema chumvi imezidi halafu wanarudi kuongeza. Mpe pole dada kwa goti. Mwambie aache kulibembeleza.

Nimefurahi kiti kimekazwa. Furaha imeishia hapo.

Kile kioo, Kasuku, nilikibeba kutoka stendi nimekifunga katikati ya godoro, nikitembea nyuma ya mkokoteni na roho mkononi kila gurudumu likiingia shimoni. Nilikitaka ili mwanamke akikaa pale ajione yeye, basi. Siku nzima nyumbani ametazama sufuria, watoto na mume. Anakuja kwangu ajitazame. Leo unaniambia asogee kushoto ampishe Kocha? Kocha ana uwanja mzima wa kuonekana.

Sikukatazi kumpenda mgombea. Usipopandwa na kichaa cha siasa katika umri huo utapandwa lini, ukiwa na magoti kama ya mamako? Lakini kikuishie barabarani. Ukishavuka ule mlango wewe ni msusi. Kazi yetu ni kushika vichwa vya watu. Mtu akishakaa mbele yako hawezi hata kugeuka akuone usoni, amekuachia tu, na ni aibu kubwa kumfanya ajute. Aje wa Kocha, aje wa Sista, aje asiyejua hata uchaguzi ni lini, wote utawasuka na wote utawamaliza.

Bandua hiyo picha kabla hujalala.

Halafu Mama Vifungo mbona hajanitumia salamu safari hii? Tangu nifike huku hajawahi kukosa. Hata kama ni neno moja pembeni mwa barua yako, huwa anasema umwandikie. Anaumwa?

Mamako mdogo


Tarehe 20 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo. Picha nimeibandua kwenye kioo kama ulivyoagiza. Nimeihamishia mlangoni, kwa nje, hapo haimzuii mtu kujiona.

Huku kumechangamka. Jumamosi tulikuwa na mkutano uwanjani, nimeimba mpaka sauti imekauka, hizi siku naongea kama kuku aliyepaliwa. Ule wimbo nimeutunga mwenyewe. Sasa hata watoto wanauimba wakienda shule, na mwalimu mmoja amewafukuza darasani kwa ajili yake, mtu wa Sista huyo, hana lolote.

Saluni nimeipa uhai. Msichana yeyote anayekubali kusukwa kwa uzi wa kijani, rangi ya Kocha, namsuka bure. Ungeona barabara ilivyo kijani. Kocha mwenyewe alisimamisha gari akashuka, akanipa mkono mbele ya watu, akasema kata nzima ingekuwa na vijana watano kama mimi, kazi ingekuwa imekwisha. Mama Mdogo, hakuna mtu amewahi kuniambia neno kama hilo. Nyumbani naambiwa nimeacha sufuria chafu.

Mama amenuna. Anasema Sista ndiye aliyenipokea nilipozaliwa, usiku wa mvua, na taa ya mkononi, kwa hiyo nina deni la shukrani. Nikamjibu mimi sikumwagiza aje. Tangu siku hiyo hasemi nami. Akitaka chumvi anamwambia paka, paka ananitazama mimi, mimi naipeleka. Ni kimya cha kuchosha lakini nitakivumilia, uchaguzi hauko mbali.

Hujanijibu wewe ungempa nani. Najua uko upande wetu, unanitania tu.

Mama Vifungo yupo. Mzima. Anashona.

Mwanao,
Kasuku


Tarehe 9 Aprili

Kasuku,

Salamu nimezipokea. Dada mwambie namkumbuka. Sasa nisikilize.

Jana lori limefika mchana. Utingo wake ni kijana mpya, mcheshi, ametokea huko huko kwetu. Amekaa na wali wake pale jikoni, watu wamemzunguka, akaanza kusimulia kioja. Anasema kuna mtaa mmoja mwanamke mtu mzima alikwenda kusukwa, akasukwa upande mmoja wa kichwa, walipofika katikati wakatofautiana kuhusu mgombea, msusi akatupa kichana akamwambia toka. Akatoka hivyo hivyo. Upande mmoja mistari, upande wa pili nywele zimesimama.

Jiko zima lilicheka. Mimi pia nilicheka, Kasuku. Nilikuwa napakua mchuzi, nikacheka mpaka upawa ukatikisika. Nikamuuliza kwa kicheko, "Huyo msusi ni mwendawazimu gani?" Akasema simjui jina, ila ni kasaluni kenye mlango wa bluu, kanatazamana na fundi cherehani.

Niliweka upawa chini.

Mlango ule niliupaka rangi mimi.

Utingo hakujua, akaendelea. Akasema mama mwenyewe kesho yake alikuwa na safari ya mahafali ya binti yake chuo cha uuguzi. Alizunguka kwa wasusi wengine jioni ile wote wakamkatalia. Hilo sikuhitaji kuelezwa na utingo. Mimi na wewe tunajua kwamba msusi hamalizii mkono wa mwenzake. Mistari haitalingana, nywele zikivutika au kichwa kikiuma haijulikani lawama ni ya nani. Hata mimi ningemkatalia. Ndiyo maana unayemwanza unammaliza, na wewe hili nimekufundisha kabla hujajua kushika kichana.

Akaenda kwenye mahafali ya mwanawe na nusu kichwa.

Mama Vifungo, Kasuku. Aliyenishonea mapazia ya saluni ile kabla haijawa na hata mteja mmoja. Aliyekuwa mtu wa kwanza kukaa kwenye kile kiti, akakaa siku nzima bila haja ili wapita njia waone kuna mtu ndani. Na wewe unaniandikia "yupo, mzima, anashona". Barua mbili unanizungusha na magoti na paka.

Sitaki mtu mwingine anisimulie. Kaa chini uniandikie wewe kilichotokea.

Mamako mdogo


Tarehe 27 Aprili

Mama Mdogo,

Shikamoo. Huku wazima.

Sawa, nakuandikia, lakini na mimi nisikilizwe, maana naona kesi imekwisha kuhukumiwa jikoni huko kati ya wali na mchuzi.

Ilikuwa siku chache kabla sijakuandikia ile barua ya Februari. Kwa hiyo kweli nilikuficha, hilo nakubali. Alikuja asubuhi, nikaanza upande wa kushoto, mistari midogo anayoipenda. Tunaongea vizuri tu. Mimi namweleza mipango ya Kocha. Nilipofika kwenye uwanja akaniuliza, "Huo uwanja ukipanuliwa, utapanuliwa kuelekea wapi?" Nikasema kuelekea barabarani. Akasema, "Kati ya uwanja na barabara si ndiyo hivi vibanda vyetu? Hii saluni na wenzake wote wa mstari huu. Vitakwenda wapi?"

Hapo nikamjua. Ni maneno ya Sista yale, neno kwa neno, yalikuwa yanasambazwa mitaani kuwatisha watu. Nikamwambia Kocha hawezi kuwavunjia watu. Akasema, "Sijasema anavunja. Nauliza." Nikamwambia swali lenyewe ni la kampeni. Akasema, "Mtoto wewe, nikuulize wapi basi, kama si hapa?" Kwa ile sauti yake ya kunywesha mtu uji. Damu ikanipanda. Wasichana wangu wawili wa kamati walikuwa wamekaa pale wananitazama, mwenyekiti wao naitwa mtoto. Nikatupa kichana nikamwambia aende, Sista akammalizie.

Nilidhani angerudi baada ya saa moja. Mtu yeyote angefunga kitambaa akarudi. Hakurudi, Mama Mdogo, na kitambaa hakufunga. Na sasa nikuambie anachokifanya, ili ujue unamtetea nani. Hajafumua. Mpaka leo naandika barua hii hajafumua. Kila asubuhi anachana ule upande mwingine, anaufunga kwa uzi, anakaa pale barazani kichwa wazi anashona vifungo vyake, macho kwenye mlango wangu. Watu wakimuuliza amepatwa na nini anasema, "Nendeni mkaulize saluni." Hasemi neno jingine. Wanawake wanakuja kuleta nguo za kushona wanamwona. Wanakuja wasio na nguo za kushona pia. Nimewaona wakivuka barabara wakinikwepa. Huo si ubaya? Angesema tu ana hasira na mimi tukagombana yakaisha.

Hata hivyo nimechoka kuhangaika na vichwa vya watu. Kocha ameniahidi akishinda nitafanya kazi ofisini kwake, kupokea watu. Nitavaa viatu vya kufunika. Uchaguzi ukiisha nitamkabidhi mama funguo za saluni, utakuja uendelee nayo mwenyewe kama zamani. Wewe ndiye msusi, mimi nilikuwa nashika nafasi tu.

Mwanao,
Kasuku


Tarehe 15 Mei

Kasuku,

Nimesoma barua yako mara moja tu, ya pili ingenitoa roho.

Kwanza nikujibu hili la kushika nafasi. Nilikuwa sitaki kulisema, kwa sababu sitaki kuhurumiwa na mtu, hata wewe. Januari mfuniko wa sufuria kubwa uliniteleza, mvuke na maji ya moto vikanimwagikia mkono wa kulia. Nimetibiwa hapa kambini. Kidonda kimepona, ngozi imerudi, lakini vidole viwili havikunji. Mwiko naushika. Kalamu naishika kwa taabu, unaona mwenyewe, si gunia la mchele. Nywele siwezi. Nimejaribu kwa nyuzi za gunia kila jioni, sipati hata mstari mmoja.

Kwa hiyo sitakuja kuendelea kama zamani. Katika ile saluni mimi nimebakiwa na kitu kimoja, nacho ni mikono yako. Hicho ndicho ulichokitupa pamoja na kichana. Sasa unajua, na naomba usinijibu kwa kulia. Nijibu kwa akili.

Kisha tuje kwenye swali la Mama Vifungo. Nimelirudia kichwani nikikuna nazi, nikipepeta mchele, nikiosha masufuria. Uwanja upanuliwe kuelekea barabarani, vibanda viko katikati, vitakwenda wapi? Sioni Sista ndani yake. Ni swali langu lile. Ningekuwa nimekaa kwenye kile kiti ningeliuliza mimi, na wewe ungenitoa na nusu kichwa? Unampigia debe mtu mpaka sauti inakauka, hujui kama atauacha mlango unaobandika picha yake. Ungemuuliza hata mara moja tu, kwa kipaza sauti hicho hicho. Alikupa mkono mbele za watu, ukasahau una mdomo wa kuulizia pia.

Na unaita ubaya kukaa kwake pale? Wewe ulitaka afiche. Ulitaka afunge kitambaa ili aibu iwe yake. Amekataa, anaivaa mchana ili kila mtu aone ni ya nani. Mimi nisingekuwa na moyo huo. Naona fahari kwamba ni rafiki yangu, na sijui nitamtazamaje.

Vuka barabara. Acha hiyo fulana ya kijani nyumbani, acha kamati yako nyumbani. Ni hatua chache, ulikuwa unazivuka ukiwa mdogo kwenda kuomba vitambaa vya kushonea wanasesere. Mwambie aje umalize. Usingoje uchaguzi uishe, ukingoja itakuwa siasa.

Mamako mdogo


Tarehe 12 Juni

Mama Mdogo,

Shikamoo. Sikulia. Yaani nililia, lakini si kwenye karatasi.

Mama nimemwambia habari ya mkono wako. Alisimama palepale, akaniuliza mimi, si paka, "Tangu Januari?" Kisha akaingia ndani. Goti halijatajwa tena tangu siku hiyo. Amekununulia dawa ya kuchua, anasema ataileta mwenyewe kwa lori kama dereva atakubali, na mimi naamini dereva atakubali.

Uchaguzi umeisha. Sista ameshinda. Si kwa kura nyingi, lakini ameshinda, na kituo chetu cha mtaani ndicho kilichomwangusha Kocha. Wanawake wa mtaa huu walijipanga asubuhi na mapema, msururu umepita mbele ya baraza la fundi cherehani, na Mama Vifungo kakaa pale na kichwa chake. Hakuna aliyehitaji kipeperushi.

Sikuvuka kabla ya uchaguzi kama ulivyoniagiza. Nilijiambia nitaonekana nimesalimu amri. Ulisema ukingoja itakuwa siasa, na nikangoja.

Kesho yake Kocha alikuja saluni na wale vijana. Nilidhani anakuja kutupa pole, nikampangusia kiti. Hakukaa. Alisema mbele ya wote kwamba kile kichwa ndicho kilichomponza. Akaniuliza, "Nani alikutuma?" Mama Mdogo, kipaza sauti alinipa yeye. Fulana alinipa yeye. Habari ya nusu kichwa alikuwa nayo tangu Februari, aliwahi kunicheka nayo garini, akasema nina moto. Nikamwambia hayo yote. Akasema yeye hakumtuma mtu kumwaibisha mama yeyote, na vijana wangu wa kamati, wale wale wasichana wawili niliotupa kichana ili wanione mkubwa, wakatikisa vichwa kumkubalia.

Basi nikamuuliza. Nikasema, "Kocha, ungeshinda, uwanja ukapanuliwa, hivi vibanda vingekwenda wapi?" Akatazama dari kidogo. Akasema hayo yangejulikana mbele ya safari. Akatoka. Mbele ya safari, Mama Mdogo. Jibu hakuwahi hata kulitafuta. Niliubamiza mlango kwa hasira, na sijui hata kama nilimkasirikia yeye au nilijikasirikia mwenyewe.

Nikavuka barabara.

Mama Vifungo alinisikia nikimwamkia, akaitikia bila kuinua macho. Alikuwa na shati mkononi. Akashona vifungo vyake vyote, cha juu mpaka cha chini, mimi nimesimama juani, mumewe anajifanya cherehani imekwama. Alipokata uzi akainuka akanitangulia saluni, akakaa kwenye kiti.

Nilifumua ule upande wa zamani. Ulikuwa umeshikana, mizizi imeota, nilitumia mafuta na kichana cha meno mapana na subira ambayo sikujua ninayo. Nikaanza upya, upande wa kushoto, nikaenda nao. Nilipofika katikati, palepale, Mama Mdogo, mikono ikasimama yenyewe. Ndipo akasema.

Akasema, "Mimi siku ile nilikuwa sijaamua." Nikachukua fungu la nywele linalofuata. Akasema, "Nilikuwa naelekea kwa Kocha hata. Mwanangu wa kiume amecheza kwake. Nilitaka tu kujua habari ya vibanda, na wewe ndiye uliyekuwa karibu naye."

Nikamwambia, "Sikuwa najua jibu, mama."

Akasema, "Basi ungesema hujui. Hilo lingenitosha."

Nikamsuka mpaka mwisho. Alijitazama kwenye kioo, akajigusa nyuma ya sikio. Akaniambia nikuandikie kwamba amesukwa, na mkono wako pole. Mimi hakuniaga.

Funguo bado ninazo. Sijui kama unataka niendelee kuwa nazo.

Kasuku


Tarehe 30 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mamako alifika na dawa yake ya kuchua, akakaa mbele juu kwenye lori kama yeye ndiye dereva. Amelala siku mbili hapa jikoni kwangu, ameninyoosha vidole huku akinitukana kwa kumficha habari ya mkono, na vibarua wote sasa wanajua mimi ndiye mdogo. Vidole havikukunjika, lakini nimetukanwa vizuri.

Huyo Kocha wako nimemchukia upya. Mtu anakuwashia moto, anauota, nyumba ikiungua anauliza nani alileta kiberiti. Wewe ni mjinga, sikatai, lakini ni mjinga wangu, na ningekuwepo asingetoka mlangoni kirahisi vile. Kukutukana ni kazi yangu na ya mamako. Yeye alipaswa kuvuka barabara pamoja nawe.

Usiniulize kama umesamehewa. Mama Vifungo hakukuaga, basi hajakusamehe, na mimi siwezi kukusamehe kabla yake. Kusuka kichwa kimoja kwa deni si kitu cha kupigiwa makofi. Wale waliokuwa wanavuka barabara kukukwepa watarudi mmoja mmoja, wengine hawatarudi, na kila atakayekaa atakuwa anakutazama kwenye kioo kuliko anavyojitazama. Utavumilia. Utasuka polepole na mdomo utaufungua kusema "pole, nimekuvuta" na "inamisha kichwa kidogo". Na Sista akija kusukwa, utamsuka, na umuulize mtaro utazibuliwa lini, maana na yeye sasa ana deni.

Mkataba wangu wa hapa umekwisha. Daraja limebakiza vyuma vya pembeni tu, na wanaobaki watajipikia. Nakuja na lori la mwezi ujao. Usinipokee na watu.

Funguo kaa nazo. Mimi nitakuja kama mteja. Tangu Januari nywele zangu sijaziweza, huku nafunga kitambaa asubuhi mpaka jioni, na kuna msichana hapa jikoni ameomba mara nyingi anisuke nikamkatalia. Nitavua kitambaa hicho palepale kwenye kiti. Utaona yaliyomo na hutasema neno. Halafu nitaanza kuongea, Kasuku. Nitaongea habari za Kocha na za Sista, nitamsifu nimtakaye na kumponda nimtakaye, nitauliza maswali ya kipumbavu na ya maana, nitakuita mtoto mbele ya yeyote atakayekuwa amekaa pale. Na wewe utasuka mpaka mstari wa mwisho.

Mamako mdogo